Mwalimu Aliyekataa Ghazali Bila Vina



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya vijana na uandishi. Kwanza nikiri: nilipoingia chuo kikuu niliacha vina na mizani, nikaandika mistari mitupu nikidhani ndiyo ya kisasa. Zile tenzi tulizosomeshwa madrasa nikaziona ni mambo ya wazee. Kisha nikasoma habari za Agha Shahid Ali. Wallahi, niliona haya.

Huyu alikuwa mtoto wa Kiislamu wa Kashmir. Alizaliwa New Delhi mwaka 1949, akakulia Srinagar, akaenda Marekani kusoma. Alipata udaktari wa Kiingereza mwaka 1984, na mwaka wa pili yake shahada ya uandishi wa kubuni, Arizona. Mzazi hapa atauliza, je, ushairi utamlisha mwanangu? Swali la haki. Mashairi ni nadra kumlisha mtu. Shahid aliishi kwa kazi ya ualimu, akifundisha vyuoni, Hamilton na baadaye Massachusetts, kwa watoto wa Kimarekani ambao wengi wao hawajui Kashmir iko wapi.

Na aliwafundisha nini? Hapa ndipo penye utamu. Tangu miaka ya 1960 washairi wa Marekani walikuwa wakiandika "ghazali" kwa Kiingereza, lakini bila kina wala lile neno linalorudiwa mwisho wa beti. Shahid akasema hizo si ghazali. Katika ghazali, beti ya kwanza mistari yote miwili huishia kwa neno moja, na kabla yake pana kina. Beti zinazofuata, mstari wa pili tu. Mwisho mshairi hujitaja jina. Nyinyi mliosoma tenzi mnatabasamu, maana kina kimoja kinachofunga kila ubeti mnakijua, na mtunzi kujitaja mwishoni mnakujua pia! Sisi tunavyo nyumbani, yule akavipigania ugenini. Aliwaandikia washairi akiwaomba watunge kwa kanuni, na mwaka 2000 akatoa kitabu kizima cha ghazali zao.

Msidhani alikuwa mkali wa kiboko. Alikuwa mcheshi, mpenda wageni na mpishi hodari. Mwandishi Amitav Ghosh alihudhuria darasa lake la mwisho, katika chuo cha Baruch, New York, mwaka huo huo wa 2000. Shahid alikwisha ugua uvimbe wa ubongo, na baada ya kipindi alikuwa na miadi hospitali. Ghosh anasimulia kwamba darasa lilijaa vicheko.

Maradhi hayo ndiyo yaliyomwondoa mama yake mwaka 1997, naye akamrudisha kuzikwa Kashmir, nchi ambayo vita viliwahi kufunga hata posta yake kwa miezi, mwaka 1990. Kitabu chake cha mwaka 1997 kinaitwa The Country Without a Post Office, yaani nchi isiyo na posta. Yeye mwenyewe alifariki Desemba 2001, akazikwa huko huko Massachusetts. Ghazali zake zilitoka kitabuni mwaka 2003, hakuziona.

Mimi nimerudi kwenye vina. Nina beti nne, ya tatu inanishinda, mizani zimezidi mbili. Baada ya tarawehe nitakuwa pale barazani na daftari langu. Mwenye lake naye aje nalo, tukosoane.