Sauti Halisi ya Anime ni Ipi?

Katika filamu ya Makoto Shinkai ya mwaka 2016, Kimi no Na wa, msichana wa kijijini aitwaye Mitsuha anaamka akiwa ndani ya mwili wa Taki, mvulana wa Tokyo. Akiwa juu ya paa la shule na marafiki wa Taki, anajitaja kwa neno "watashi". Wavulana wanashangaa. Anajaribu "watakushi". Wapi! "Boku"? Bado. Anaposema "ore", wanaitikia kwa vichwa.

Maneno yote manne maana yake ni mimi. Watashi, kijana wa kiume akilitumia kwa wenzake, husikika la kike. Watakushi limejaa urasmi, boku lina upole, ore ni la mwanamume aliyejiachia. Kiingereza kina neno moja tu la kazi hiyo. Je, anayetazama anime, yaani katuni za Kijapani, kwa sauti za Kiingereza amepunjwa?

Wapenzi wa sauti za Kijapani hujibu ndiyo: hizo ndizo asili, nyingine zimebandikwa. Mhadhara huu unaona ufa katika hoja hiyo. Hata Japani, kwa kawaida picha hutangulia na sauti hufuata. Waigizaji husimama studio, hati mkononi na macho kwenye skrini, wakivizia mdomo wa mhusika ufunguke. Wenyewe huita kazi hiyo afureko. Filamu ya Akira ya mwaka 1988 ilisifika kwa kugeuza utaratibu huo: mazungumzo yalirekodiwa kwanza, midomo ikachorwa kuyafuata.

Kumbe wote hubandika. Swali ni nini kinapotea njiani.

Goku, shujaa wa anime ya Dragon Ball, amesemewa na Masako Nozawa, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1936, tangu 1986: utotoni, ukubwani, hadi alipopata mjukuu. Goku hujiita "ora", neno la mtu wa shamba. Kwa Kiingereza, Goku mtu mzima ana sauti ya kiume ya Sean Schemmel, na ule ushamba haupo tena. Lakini Cowboy Bebop ya 1998, yenye jazi na harufu ya sinema za Marekani, imemkaa vizuri mwigizaji wake wa Kiingereza, Steve Blum, na mashabiki wengi huipendea Kiingereza chake.

Mtazamaji wa Dar es Salaam anayechagua Kijapani mara nyingi husoma tafsiri ya Kiingereza chini ya skrini. Kiingereza hajakikwepa, amekihamisha tu kutoka masikioni hadi machoni, na wakati anasoma, mchoro unampita.

Basi hukumu itolewe kazi kwa kazi: Mitsuha asikilizwe kwa Kijapani, Bebop kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili. Wanafunzi wa tafsiri nao walirudie tukio la lile paa kwa Kiswahili. Mimi, miye na mi hayatofautishi mvulana na msichana, lakini Kiswahili cha mtaani kina mlango mwingine. Mitsuha akimwita mwenzake "shosti", wavulana watashangaa vilevile. Akisema "mwanangu", wataitikia.