Shahidi wa Gugu Maji

Kila gugu maji linapoifunga ghuba ya Kisumu au mialo ya Mwanza, hata wavuvi wakakosa pa kupitisha mitumbwi yao, huzuka watu wengi wenye dawa, na kila mmoja hudai kuwa elimu ndiyo shahidi wake. Nami jioni hii nataka kunena juu ya shahidi astahiliye kusadikiwa.

Bwawa la Kariba, katika mto Zambezi, lilipoanza kujaa maji mwishoni mwa mwaka 1958, haukupita muda ila gugu jingine dogo lielealo likatanda juu yake, na wataalamu wakalidhania kuwa ni aina ya Salvinia iliyokwisha kujulikana tangu zamani, wakaagiza wadudu wa kulila kutoka Trinidad, wakawaachia, lakini hawakulidhibiti kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1972 mwanazuoni Mitchell alibainisha kuwa hiyo ni aina mbali kabisa, akaiita Salvinia molesta. Mwaka 1978 watafiti wa Australia wakaigundua kwao asilia, kusini-mashariki mwa Brazili, pamoja na fukusi, mdudu aliyezoea kuila. Na fukusi huyo alipoachiwa katika ziwa Moondarra, Queensland, mwaka 1980, kabla ya miaka miwili kutimia ziwa lilikuwa limetakata. Tafakarini ni taabu na gharama kiasi gani zilizopotea kwa kutolitambua gugu lenyewe tangu awali!

Katika Ziwa Victoria, Uganda ilianza kuachia fukusi wa gugu maji mwaka 1995, na Kenya mwaka 1997. Kisha gugu lilipopungua mno, baadhi ya wataalamu wakasema ni kazi ya fukusi, wengine wakasema ni hali ya hewa ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998, wakajadiliana hadharani katika majarida ya sayansi, kila upande ukiweka hesabu zake wazi zipate kukosolewa. Watu wa namna hii nawaamini kuliko mwuza dawa asiyependa kuulizwa.

Na kwa kuwa mbegu za gugu maji hudumu hai matopeni kwa miaka mingi, hata gugu likaweza kurudi, nawasihi viongozi wa mialo na wa halmashauri, kabla ya kutia saini mkataba wowote wa dawa ya gugu, wadai kwanza kuonyeshwa ziwa lililotibiwa kwa dawa hiyo, na vipimo vyake vya miaka iliyofuata.