Milima Haikutani: Siku Niliyokwama Helm Crag
(Maneno yaliyosemwa katika chakula cha usiku cha mkutano wa ukoo)



Nimeombwa niseme machache. Mtumishi wa serikali aliyestaafu hana mengi ayajuayo ila mafaili, kwa hiyo nimeona afadhali niwasimulie siku niliyoyasahau mafaili nikaparamia mlima.

Mlima wenyewe ni mdogo. Waitwa Helm Crag, uko juu ya kijiji cha Grasmere, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, na kimo chake ni mita 405 tu. Sisi tuliokulia Tanga, tukiitazama Usambara kwa mbali, tungeuita kilima. Lakini ncha yake ni jabali lililochongoka, na mita chache za mwisho hazipandiki ila kwa mikono na miguu pamoja.

Nilikwenda na mjukuu wangu mwezi wa Oktoba, wakati ambao kwetu huanza mvua za vuli na huku majani hupukutika. Tulipofika nusu ya njia ukungu ulitushukia, hata nikawa simwoni mtoto aliye hatua kumi mbele yangu. Nilimwita kwa Kiswahili. Akaitika kwa Kiingereza, kama ada yake. Nakiri mbele yenu kwamba niliogopa, wala sikutaka ajue.

Tulipofika penye jabali, nilimwamuru angoje chini, nikatangulia. Mawe yalikuwa yamelowa, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na upande wa pili palikuwa na poromoko lililojaa weupe mtupu. Nilipanda kiasi cha kimo cha mtu, nikakwama. Kwenda juu siwezi, kurudi siwezi. Mguu ulitafuta pa kukanyaga usipaone. Ndipo sauti ikatoka chini yangu: "Babu, mguu wa kushoto. Shusha kidogo. Hapo hapo. Sasa wa kulia."

Miaka yote nilidhani lugha yetu haikumwingia. Kumbe ilikuwamo, ikingoja siku ya kuhitajiwa.

Tulishuka bila ya kukifikia kilele. Tukinywa chai kijijini, nilimsimulia habari za Alfred Wainwright, mweka hazina wa mji wa Kendal, aliyeandika vitabu saba vya mwongozo wa milima ile baina ya mwaka 1955 na 1966. Katika ukurasa wa Helm Crag alitenga pembe ya kutangaza kwamba amelipanda jabali lile, kisha akakiri humo humo kwamba tangazo hilo hawezi kulitoa. Mweka hazina mwaminifu haandiki daftarini fedha ambazo hakuzipokea. Nami, mtumishi mwenzake, nisingependa kuwahesabia kilele nisichokifika.

Jamaa zangu, tusichoke kusema na watoto wetu kwa Kiswahili, hata wakijibu kwa lugha nyingine. Na sisi wazee tusione haya kuongozwa nao.

Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana, leo tumekutana. Mjukuu wangu yuko meza ile, na ameniomba twende tena Oktoba ijayo. Nimekubali. Safari hii nitamwambia mapema kwamba naogopa.