Mthamini akija, muulize hii kesi

Vijana wenzangu wa Kahama na Geita,

Harvard kule Marekani, tangu 1870, mwanafunzi wa sheria haanzi kwa kukariri vifungu. Anapewa kesi: nani kamshitaki nani, jaji kaamua nini, na kwa sababu gani. Hiyo sababu ndiyo ya kushika.

Shikeni hii ya kwetu. Mwaka 1987 Lohay Akonaay na mwanawe walifungua kesi, na mahakama ya Arusha ikawarudishia shamba lililochukuliwa enzi za Operesheni Vijiji. Serikali ikaleta Sheria Na. 22 ya 1992: haki za kimila zifutwe, fidia hakuna, mahakamani marufuku! Wakaipinga. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, ikasema haki ya kimila ni mali, inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba.

Sababu? Bila hivyo wananchi wengi wangekuwa wavamizi katika nchi yao. Na fidia haiishii kwenye majengo na mimea. Jasho lililoingia ardhini nalo lina thamani. (Hukumu ni ya Kiingereza. Tafuteni mwenye kamusi.)

Dhahabu iliyo chini ni ya Serikali, sibishi. Lakini mthamini akifika Nyarugusu akahesabu nyumba na miembe tu, muulizeni jasho la kufyeka pori kaliandika ukurasa wa ngapi.