Chagua Leseni Kabla ya Kugawa Programu Yako

Hotuba ya afisa wa TEHAMA kwa vijana wanaounda programu za kompyuta, mjini Kisii



Wengi wenu mnaunda programu na kuziweka kwenye intaneti ili wengine wazitumie. Ni jambo jema, lakini wengi husahau leseni. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inailinda programu kama kazi ya maandishi. Ukiiweka wazi bila leseni, mwenzako ataiona, ila hana idhini ya kuibadilisha wala kuisambaza.

Leseni za programu huria ni za aina mbili kuu. Chukulia mche wa mgomba. Unaweza kumwambia jirani: "Panda, uza, fanya upendavyo, mradi useme ulitoka kwangu." Hiyo ni leseni ya ruhusa pana, kama MIT na BSD. DHIS2, mfumo ambao Kenya ilianza kuutumia kitaifa mwaka 2011 kukusanya takwimu za afya, una leseni ya BSD.

Au utamwambia: "Uza ukitaka, lakini utakayempa naye awe na haki hii hii." Hiyo ni kopilefti, kama GPL. Anayeiboresha programu na kuisambaza hawezi kuwaficha watumiaji wake msimbo. Hata hivyo, anayeiendesha kwenye seva yake tu, bila kuisambaza, GPL haimbani. AGPL iliziba mwanya huo. Ndiyo leseni ya Ushahidi, mfumo ulioundwa na Wakenya mwaka 2008 kuonyesha kwenye ramani ripoti za ghasia za baada ya uchaguzi.

Basi uchague ipi? Jiulize unachohofia zaidi. Ukihofia programu yako haitachukuliwa na mtu, chagua MIT. Hata kampuni huipokea bila wasiwasi. Ukihofia kampuni itaichukua, iifunge, kisha iwauzie watu wako kazi yako mwenyewe, chagua kopilefti.

Mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, programu uliyoagizwa kuunda kwa malipo huwa ya aliyekuagiza, isipokuwa mkataba useme vingine. Usome kabla ya kutia sahihi. Pili, amua leseni mapema. Wakishachangia watu ishirini, kuibadilisha kutahitaji kibali cha kila mmoja wao.

Leo jioni, fungua kazi yako uangalie kama ina faili ya leseni.