Kabla Kamba Hazijafunguliwa



Jumamosi tarehe 24 Novemba, 2018, mashua ya starehe iliyoitwa MV Templar ilizama katika Ziwa Victoria, upande wa Mukono, nchini Uganda. Abiria wake hawakuwa wakikimbia vita wala njaa. Walikuwa wametoka kutembea kwa siku moja, warudi nyumbani jioni. Polisi wa Uganda walieleza kwamba mashua ile ilikuwa na nafasi ya watu 50, nayo ilibeba zaidi ya 100. Watu zaidi ya 30 walikufa, na ufuko haukuwa mbali.

Hatulitaji jambo hili kwa nia ya kumcheka jirani. Sisi wenyewe tuliipoteza MV Bukoba mwaka 1996, na mwezi Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na gati la Ukara, ikiwa na watu wengi kupita 101 iliyoruhusiwa kuwachukua. Twalitaja kwa sababu vikosi vingi, wakati wa likizo, hupenda kuwapeleka askari na jamaa zao matembezini majini, na mtu anayeombwa kuiongoza safari hiyo mara nyingi hudhani kazi yake ni kukusanya nauli na kutafuta chakula.

Tuchukue safari inayojulikana sana huko Uganda. Watu hupanda boti mahali paitwapo Paraa, wakaukwea mto Nile kuelekea Maporomoko ya Murchison, ambako mto mzima hubanwa katika ufa wenye upana wa mita 7 hivi, kisha ukaanguka zaidi ya mita 40. Njiani viboko wamejaa, na mamba hulala ukingoni wakiwa wameachama. Ni safari nzuri, na kwa kawaida ni salama. Lakini fikirini, ndugu wasikilizaji, linalotokea pale mtu mmoja anapopiga kelele kwamba tembo wanakunywa maji upande wa kushoto. Wote huinuka. Watu 30 wenye kilo 70 kila mmoja ni zaidi ya tani 2, na tani hizo huhamia ubavu mmoja kwa nukta chache. Shehena ya magunia haihami kwa sababu imeona tembo. Shehena ya watu huhama. Na chombo chenye ghorofa hulemewa upesi zaidi, kwa kuwa uzito wa watu waliosimama juu huongeza mpepesuko.

Basi amri ya kwanza itolewe nchi kavu, watu wakiwa wametulia na wanasikia: kila mtu ana mahali pake, na hapaachi mpaka nahodha aseme. Chombo chenyewe kitageuka ili walioketi upande wa pili nao waone.

Orodha ya majina iandikwe kwa nakala mbili. Askari hana haja ya kufundishwa kuhesabu watu. Hufanya hivyo kila asubuhi. Cha ajabu ni kwamba akivua sare akavaa shati la matembezi, huiacha desturi hiyo kambini. Orodha ionyeshe watoto ni wangapi, na nani hajui kuogelea. Swali hilo lisiulizwe mbele ya watu, maana wanaume wengi watadanganya. Kila mtoto apewe mtu mzima mmoja wa kumshika, naye asiwe mpishi wala mpiga picha.

Majaketi ya kuokolea maisha yavaliwe gatini, si yakalaliwe kama mito. Mfungeni mtu kamba zote, kisha mshikeni jaketi mabegani mkalivute juu: likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno, na majini litamtoka. La mtu mzima halimfai mtoto. Viatu vizito na mikanda ya kazi vibaki nyumbani, kwa kuwa aliyezoea kuogelea ufukoni na suruali fupi hajui uzito wa buti lililojaa maji. Pombe, kama ni lazima, isubiri kurudi.

Sasa tuseme jambo ambalo huenda lisiwapendeze baadhi yenu. Nahodha wa mashua ndogo ni raia mnyonge. Afikapo mwenye cheo na watu 20 zaidi ya waliopangwa, akasema kwa sauti ya amri kwamba hao ni wageni wake, nahodha huyo ataona haya, au ataogopa, naye ataondoka. Hapo cheo kimefanya kazi ya dhoruba. Ndani ya chombo mkubwa ni nahodha, na meja aliye abiria ni abiria.

Wako majirani wasio na nafasi ya kuchagua. Tarehe 3 Oktoba, 2024, mashua iliyotoka Minova ilipinduka katika Ziwa Kivu karibu na bandari ya Goma, watu wa nchi kavu wakiitazama. Wasafiri wengi walikuwa wameyakimbilia maji kwa sababu vita vilikuwa vimeifunga barabara. Mwezi Aprili 2025 mashua ya mbao iliwaka moto kwenye mto Congo, karibu na Mbandaka, moto ambao ulielezwa kwamba ulianza kwa mapishi ndani ya chombo. Zaidi ya watu 140 walikufa. Mama anayepeleka mihogo sokoni kwa njia hiyo hatuwezi kumwambia asipande, maana barabara hana. Kundi la matembezi lina barabara, lina kesho, lina juma lijalo. Mkuu wa safari akiona maji yameingia, au watu wamezidi, au wingu limekuwa jeusi, na asiseme hapana, hatakuwa na la kujitetea.

Nakala ya pili ya ile orodha aachiwe mtu wa gatini, aambiwe na saa ya kurudi, ambayo iwe kabla ya magharibi. Nusu saa ikipita kimya, asingoje kuambiwa. Na atoe taarifa polisi.