Asili ya Mtu na Mwenendo Wake: Tuwapime Vipi Wajumbe wa Kamati za Shule?

Hotuba ya Ofisi ya Polisi ya Mahusiano na Jamii kwa wazazi na wakazi wa Busia, upande wa Uganda



Kamati kadhaa za usimamizi wa shule za msingi hapa mpakani zinakaribia kumaliza muda wake, na majina ya watakaozirithi yameanza kutajwa sokoni, makanisani, misikitini na kwenye vituo vya boda boda. Katika siku hizi ofisi yetu imeletewa ombi moja zaidi ya mara moja. Baadhi ya wazazi wametutaka tuchunguze asili ya wanaotajwa, tuandike orodha ya wale waliotoka ng'ambo, ili majina yao yaondolewe kabla ya mkutano wa wazazi. Tumeona ni vema tulijibu ombi hilo hadharani, kwa kuwa jibu la faraghani huzaa uvumi.

Orodha hiyo hatutaiandika. Hata hivyo, hatusemi kwamba historia ya mtu haina maana. Ina maana kubwa mno, kwa sababu mjumbe wa kamati hukabidhiwa watoto wa watu na fedha za watu. Tunalosema ni kwamba swali linaloulizwa silo, na lile linalopaswa kuulizwa limesahauliwa.

Tuanze na hilo la asili. Hadi mwaka 1902, ardhi yote iliyo mashariki ya hapa tulipo, hadi kuelekea Naivasha, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo wakoloni waliihamishia himaya jirani, ile iliyokuja kuitwa Kenya. Wasamia walijikuta pande mbili, na Iteso vivyo hivyo, pasipo mtu kuhama hata hatua moja. Ndiyo maana kuna nyumba hapa ambazo shangazi huzika upande mmoja na mjomba hulima upande wa pili. Katiba yetu ya mwaka 1995 inalitambua jambo hili: katika orodha yake ya jamii za asili zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, wamo Wasamia, wamo Bagwe, wamo Iteso. Hivyo lafudhi ya mtu, jina la ukoo wake au mahali alipozikwa bibi yake si ushahidi wa lolote. Swali la kweli la uraia likizuka, lina ofisi zake, nazo ni za uraia na uhamiaji na za usajili wa vitambulisho. Haliamuliwi kwa minong'ono chini ya mwembe, wala kituoni kwetu.

Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 nayo haikuagiza kamati iwe ya ukoo mmoja au ya watu wa kazi moja. Imekusanya pamoja wanaopendekezwa na taasisi mwanzilishi wa shule, mwakilishi wa serikali ya mtaa, mwakilishi wa uongozi wa kijiji, wawakilishi wa wazazi waliochaguliwa na wazazi wenzao, na mwakilishi wa walimu. Majirani zetu wa Kenya wana utaratibu unaofanana. Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inataka bodi ya shule iwe na watu sita wanaowakilisha wazazi au jamii ya mahali, watatu wa mfadhili wa shule, mwakilishi wa walimu, na pia mtu anayesemea watu wenye mahitaji maalumu. Nchi mbili, mabunge mawili, na wazo moja: shule isimamiwe na watu waliotoka katika maisha tofauti, kwa sababu hakuna mtu mmoja anayeliona kila jambo linalompata mtoto.

Hapa kwetu wazo hilo lina uzito wa pekee, na tungependa kulieleza kwa yale tunayokutana nayo katika kazi yetu.

Tumzungumzie kwanza mama anayeuza samaki au mahindi sokoni. Wapo wanaosema hafai kamatini kwa sababu hakusoma mbali. Lakini yeye ndiye anayejua kwamba siku ya gulio madarasa hupungua, na anajua watoto wako wapi: wamebebeshwa sukari, mafuta ya kula au mahindi kidogo kidogo, wakipitishwa njia za panya na watu wazima wanaoamini kwamba askari hatamsimamisha mtoto mwenye sare ya shule. Mwalimu huona kiti kitupu tu. Mama huyu anamjua mwenye mzigo.

Tumtazame dereva wa boda boda. Kazi hii, ambayo leo imeenea Afrika Mashariki nzima, asili yake ni hapa hapa mpakani, enzi za baiskeli zilizobeba abiria kati ya kituo kimoja cha mpaka na kingine. Kijana wa boda boda hujua ni pikipiki ipi humsubiri msichana yule yule nje ya lango la shule kila jioni. Pia ni kweli kwamba baadhi ya wenzake ndio hao wanaosubiri. Hatuwezi basi kusema kwamba kazi yake inamfanya afae au asifae. Tutamuuliza yeye mwenyewe amefanya nini alipoliona jambo hilo.

Yupo pia mtu aliyewahi kuchimba dhahabu katika machimbo madogo ya Tiira na kwingineko wilayani. Huyu hahitaji kuelezwa kwa nini mvulana wa darasa la sita aliyekuwa hodari ametoweka katikati ya muhula. Ameona watoto wakishuka mashimoni na wakichanganya mchanga na zebaki kwa mikono mitupu, sumu ambayo huharibu mishipa ya fahamu, na mwili wa mtoto huuathiri zaidi. Mjumbe wa namna hii akienda kuzungumza na baba wa mvulana, huzungumza kama mtu aliyetoka huko, na husikilizwa pale ambapo sisi wenye sare tungefungiwa mlango.

Muuguzi mstaafu hutambua mapema msichana aliye mashakani. Wakala wa forodha amezoea hesabu na stakabadhi, naye anaweza kuisoma taarifa ya fedha zinazoletwa na serikali kwa ajili ya Elimu ya Msingi kwa Wote, mpango ulioanza mwaka 1997, akauliza ilipokwenda shilingi isiyo na risiti. Mzazi wa mtoto asiyeona au asiyetembea ataliona daraja la mlangoni ambalo wengine tunalipita kila siku bila kuliona. Mkulima anajua ni miezi ipi njaa humtoa mtoto darasani. Na wote hawa wataweza kufanya kazi pamoja iwapo kumbukumbu za kikao zitasomwa kwa sauti, kwa Kiswahili, Lusamia au Ateso, ili asiyejua Kiingereza asitie kidole gumba kwenye karatasi asiyoielewa.

Hayo ndiyo yanayohusu kazi na maisha ya watu. Sasa tufike kwenye lile swali tulilosema limesahauliwa, nalo ni zito kuliko yote.

Mara nyingi tunaletewa kesi ya mtoto ikiwa imechelewa. Msichana amepata mimba, au amedhulumiwa na mtu mzima anayemfahamu, na familia mbili zimekwisha kukutana. Mbuzi au ng'ombe ametolewa, fedha zimehesabiwa, mzee mmoja amesimama kuwa msuluhishi, na mtoto ameambiwa anyamaze. Tunapofika, mashahidi hawapo. Mara nyingine mtuhumiwa amekwisha kuvuka mpaka. Kwa sheria ya Uganda, mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na kumnajisi mtoto ni kosa la jinai. Si deni la familia kwa familia, na hakuna mzee mwenye mamlaka ya kulisamehe kwa niaba ya mtoto.

Wazazi wenzetu, yule msuluhishi ni nani? Aghalabu si mgeni wala si mtu wa ng'ambo. Ni mtu wa hapa, aliyezaliwa hapa, anayeheshimiwa na kusalimiwa kwa kuinamiwa, na ambaye jina lake likitajwa kwa ajili ya kamati hakuna anayeuliza lolote. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Tumeshughulika kumchuja mtu kwa sababu mama yake anatoka ng'ambo ya mpaka, tukampitisha bila swali mtu aliyewahi kuuza haki ya mtoto kwa bei ya mbuzi. Mtu huyo akiketi kamatini, ndiye mwalimu atakayempelekea taarifa. Na taarifa itaishia hapo.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kwamba katika mkutano wa wazazi, kila anayetajwa, awe mwenyeji wa vizazi vitano au mkazi wa miaka mitano, aulizwe maswali manne mbele ya wote. Je, amewahi kushiriki kusuluhisha nyumbani kesi ya mtoto aliyedhulumiwa? Je, watoto alio nao nyumbani, wakiwamo wale wa ndugu aliowachukua awalee, wanasoma? Je, anaiuzia shule chakula, kuni, matofali au madawati, na kama ndivyo, yuko tayari kutoka nje ya kikao jambo hilo linapoamuliwa? Na je, alipokabidhiwa fedha za wengine, iwe za kikundi cha kuweka na kukopa, za kanisa au za msikiti, alitoa hesabu?

Maswali haya hayahitaji askari. Majibu yake yamo humu kijijini, kwa sababu nyinyi mmeishi na watu hawa.

Tunaomba pia pawe na kiasi. Tuhuma si hukumu. Mtu asisimame mkutanoni kumtupia mwenzake neno zito kwa sababu ya ugomvi wa shamba. Mwenye jambo la kweli kuhusu usalama wa mtoto alilete kwenye Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia kituoni, au apige simu ya bure ya Sauti, namba 116, ambapo hatalazimika kulisema mbele ya umati, na wala jina la mtoto halitaanikwa. Vilevile tusimfunge mtu milele kwa kosa la ujana. Aliyewahi kutozwa faini kwa kuvusha magunia miaka mingi iliyopita, naye amebadili njia, huenda akawa mlinzi bora wa watoto wanaotumiwa hivyo leo. Kosa la aina hiyo si sawa na dhuluma kwa mtoto, na busara ni kuyatofautisha.

Kwa upande wetu, tunajua mipaka ya kazi yetu. Polisi haiteui wajumbe wala haipigi kura. Mkitualika tutahudhuria mkutano ili kulinda amani. Anayehitaji hati ya mwenendo mwema tutamweleza utaratibu wa kuiomba. Na kamati mpya zikishaundwa, tunakusudia kukutana nazo, na kuwaomba walimu wakuu wa upande wa pili wakutane nao pia, ili mtoto akitoweka darasani upande mmoja, aulizwe siku hiyo hiyo upande mwingine. Wanaowatumia watoto hawasimami kwenye mstari wa mpaka. Sisi tunaowalinda tukisimama hapo, watatupita daima.

Ndugu wazazi, mkutano wenu utakuwa mfupi, na miaka ya kamati itakuwa mirefu. Chagueni mwanamke wa sokoni pamoja na mwalimu mstaafu, mwenyeji pamoja na mkazi mpya, aliyesoma pamoja na aliyejifunza kwa jua na mvua. Lakini kwa kila mmoja wao, ulizeni kwanza amewatendea nini watoto alipodhani hakuna anayemtazama.

Tunawatakia uchaguzi wa amani. Tumemaliza, na sasa tuko tayari kusikiliza maswali yenu.